Enkopresisi, kujinyea na kutokwa na kinyesi: uteuzi wa maneno na uzito wake

enkopresisi nm [i-/zi-] (tiba) hali ya mtoto aliyekwisha kufikia umri wa kumudu choo, yaani miaka 4 au zaidi, kupitisha kinyesi mara kwa mara nguoni au mahali pengine pasipostahili.

Fasili hiyo fupi inamtosha anayetafuta maana peke yake. Haimtoshi mfasiri wa kipeperushi cha kliniki, wala mwalimu anayetaka kumwandikia mzazi barua, wala mwanafunzi wa utabibu anayejifunza kuuliza maswali kwa Kiswahili. Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya jambo hili. Inayo mengi, na karibu kila moja linambebesha mtu fulani lawama kwa kiasi chake. Makala haya yanayapima maneno hayo mahali ambapo uteuzi wake unaamua mtoto atapewa dawa gani, au ataadhibiwa.

Tuchukue Bujora. Ni eneo la Kisesa, wilayani Magu, kilomita kama 20 mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Wengi hulijua kwa Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mmisionari aliyetoka Kanada. Kwa mtu wa kamusi eneo hili lina mvuto mwingine. Bibi anayemlea mjukuu huenda akaeleza taabu ya mtoto kwa Kisukuma. Mama au muuguzi akaigeuza kwa Kiswahili. Tabibu akaiandika katika faili kwa Kiingereza. Na mtoto akipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, ni maandishi hayo ya Kiingereza yanayosafiri pamoja naye. Taarifa moja imevuka lugha mbili kabla ya kufika kwa mtaalamu. Kivuko cha katikati, yaani Kiswahili, ndicho kinachotuhusu hapa.

Tuanze na mzizi wenyewe. Kitenzi *kunya* ni cha kale na kimeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kiswahili kina maana mbili ambazo msemaji wa leo hazihusishi tena: kuanguka kwa mvua, na kutoa kinyesi. Umbo la *kunyesha* limetokana nacho, na limebaki kuwa la heshima kabisa kwa sababu limejifunga kwa mvua. *Kunya* chenyewe kimeporomoka hadhi. Hakitamkwi mbele ya wakwe, hakiandikwi gazetini, lakini kimo katika methali ambazo kila mtu anazijua. *Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha* hutumika kulalamikia upendeleo: tendo ni moja, jina linabadilika kwa kumtazama mtendaji. Msomaji aikumbuke methali hiyo, maana tutairudia kwa sababu ya kitabibu kabisa.

Kwa upande wa sarufi, *kunya* ni kitenzi cha silabi moja na hubeba *ku-* yake katika nyakati kadhaa: *amekunya*, *anakunya*. Kikipewa kauli ya kutendea, *ku-* hiyo huondoka: *amemnyea*, *amejinyea*. Hapo ndipo tunapopata *kujinyea*, neno linalotumika zaidi majumbani kwa hali tunayoizungumzia, likiwa na ndugu yake *kujikojolea*. Kuna pia methali, isemwayo kwa namna mbalimbali, juu ya mtoto aliyemnyea mzazi mkononi na mkono usiokatwa kwa sababu hiyo. Methali hiyo ina huruma. Neno *kujinyea*, likimtaja mtoto wa darasa la pili, halina.

Sababu iko katika muundo wake. Katika *amejinyea* mtoto ndiye kiima, yaani mtendaji. Kiambishi *-ji-* kinaonyesha tu kwamba aliyepatwa na uchafu ni yeye huyohuyo. Hakuna mahali popote katika kitenzi hicho panapodokeza kwamba hakukusudia. Ni muundo uleule wa *amejipaka*, *amejimwagia*, *amejikata*. Msikilizaji anayetaka kuona uzembe ataukuta umekwisha kuandaliwa na sarufi.

Kiswahili, hata hivyo, kina muundo mwingine kwa vitu vinavyouacha mwili bila idhini ya mwenye mwili. Tunasema *anatokwa na damu*, *anatokwa na jasho*, *anatokwa na machozi*, *anatokwa na udenda*. Au tunakifanya kile kinachotoka kuwa kiima: *damu inamtoka*, *machozi yalimtoka*. Hakuna anayemlaumu mtu kwa kutokwa na jasho. Kwa hiyo *kutokwa na kinyesi* si tasfida iliyobuniwa juzi na wataalamu wa ushauri nasaha. Ni matumizi ya muundo wa siku zote kwa jambo linaloustahili. Katika maandishi ya kliniki tunaupendelea, na pale panapohitajika ufafanuzi uongezwe: *anatokwa na kinyesi bila kujijua*. Maneno *bila kujijua* ni sahihi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu watoto wengi wenye hali hii kwa kweli hawahisi kinyesi kinapotoka. Sababu yake tutaieleza hivi punde.

*Kushindwa kujizuia* nako kuna kasoro, ingawa kunaonekana katika tafsiri nyingi. *Kujizuia* ni kitenzi cha maadili: mtu hujizuia na hasira, hujizuia na tamaa, hujizuia kula mchana wa mfungo. Anayeshindwa kujizuia ameshindwa mtihani wa nafsi. Kwa dhana pana ya kukosa uwezo wa kuishika haja, iwe kwa mtoto, mzee au mwanamke aliyeumia wakati wa kujifungua, *kutomudu haja kubwa* kunafaa zaidi, kwa kuwa *kumudu* ni neno la uwezo, si la tabia.

Sasa istilahi yenyewe. *Enkopresisi* imeundwa na neno la Kigiriki lenye maana ya kinyesi, *kopros*, ambalo linaonekana pia katika *koproliti*, kinyesi cha kale kilichogeuka jiwe. Ilianza kutumika mwaka 1926 kwa kalamu ya Weissenberg, ikifinyangwa kwa mfano wa *enuresisi*, istilahi kongwe zaidi ya kukojoa kitandani au nguoni. Jozi hiyo imedumu. Katika uainishaji wa kumi na moja wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani enuresisi na enkopresisi zimewekwa pamoja, kwa alama za 6C00 na 6C01, chini ya kasoro za utoaji haja.

Watu wa Kiswahili wanaweza kushangaa kwamba lugha ina jina la mtu kwa ugonjwa wa kwanza na haina kwa wa pili. Mtoto anayekojoa kitandani huitwa *kikojozi*, jina lenye *ki-* ya kudunisha na kiishio cha mtenda wa mazoea, na akiitwa hivyo mara mia hulichukua kuwa jina lake. Kwa *kunya* nafasi hiyo ya *ki-* imeshikwa na kitu chenyewe: *kinyesi*. Huo ni upungufu wa kuushukuru, na watunga istilahi wasijaribu kuuziba. Iandikwe *mtoto mwenye enkopresisi*, isiundwe nomino ya mtu.

Mwongozo wa uainishaji wa kasoro za akili unaotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani unataka tukio litokee angalau mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, na mtoto awe na umri wa miaka 4 au ukuaji unaolingana na umri huo. Kuna jambo moja katika kigezo chake ambalo wafasiri hulikosa. Mwongozo huo unajumuisha matukio yasiyo ya hiari na yale ya kukusudia pia. Mfasiri anayeandika kwamba enkopresisi ni *kutoa haja kubwa bila hiari* amekwisha kuipunguza dhana. Katika fasili iliyo juu ya ukurasa huu tumesema *kupitisha kinyesi*, bila kutaja hiari, kwa makusudi. Maneno *bila hiari* na *bila kujijua* yana nafasi yake katika maelezo ya mtoto mahususi, na huko ndiko yanakohitajika mara nyingi zaidi, kwa kuwa wanaofanya kwa kukusudia ni wachache.

Walio wengi wana tatizo la choo kigumu, na hapa ndipo penye utata mkubwa kupita wote. Mambo huenda hivi. Mtoto anapata choo kigumu kinachomuumiza. Safari inayofuata anaogopa, anabana haja. Kinyesi kinachobaki katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kinanyonywa maji na kuzidi kuwa kigumu na kikubwa. Puru inatanuka. Ikikaa imetanuka kwa wiki na miezi, inapoteza uwezo wa kuupelekea ubongo taarifa kwamba imejaa. Hatimaye kinyesi laini au cha majimaji kinachotoka juu kinapenya pembezoni mwa bonge lile na kuchuruzika nguoni, na mtoto hahisi chochote. Wataalamu huita hali hiyo kutomudu haja kwa kufurika. Sisi tunapendekeza *mchuruziko wa kinyesi*, kwani *kufurika* humpeleka msomaji kwenye wingi, hali kinachoonekana nguoni aghalabu ni madoa.

Mama anaona majimaji. Atasema nini? Atasema *anaharisha*. Na huo ndio ukweli wa macho yake. Lakini katika kituo cha afya neno *kuharisha* halipokelewi kama maelezo. Linapokelewa kama jina la ugonjwa, lenye utaratibu wake uliokaririwa vizuri: maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, utaratibu uliookoa maisha ya watoto wengi na ambao haumfai huyu. Mtoto anayefunga choo anatibiwa kwa kuharisha. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, bonge linazidi kukaza. Methali ya kuku na bata inalalamikia tendo moja kupewa majina mawili. Katika chumba cha tabibu hatari imegeuka, kwani hali mbili zinazopingana zimepewa jina moja.

Hivyo anayeuliza maswali kwa Kiswahili hana budi kulipasua neno hilo. Anaenda choo mara ngapi kwa siku? Je, ni choo kizima au ni madoa? Kabla ya madoa haya kuanza, alikuwa akipata choo kigumu? Kuna siku anatoa choo kikubwa kupita kiasi? Na swali lenye faida kuliko yote ni lile la kitenzi *kubana*, ambacho kwa bahati njema kina sura mbili zinazotofautisha kila kitu. *Amebanwa na haja*, kwa kauli ya kutendwa, ni mtu anayetafuta choo kwa haraka. *Anabana haja*, kwa kauli ya kutenda, ni mtu anayeizuia isitoke. Mtoto anayejificha nyuma ya mlango, anayesimama kwa ncha za vidole, anayekaza matako na kupishanisha miguu, wazazi hudhani amebanwa na anajitahidi kutoa. Kwa kawaida anabana. Muuguzi aliyeisikia tofauti hiyo amekwisha kuijua nusu ya ugonjwa.

Neno la kufunga choo lenyewe lina ushindani. *Kufunga choo* ndilo la Tanzania, na linaeleweka Bujora kama linavyoeleweka Tanga. *Uyabisi wa tumbo* na *kuyabisika* ni ya kamusi na vitabu. Yametokana na *yabisi*, kavu na gumu, neno tunaloliona pia katika *baridi yabisi*. Ni maneno mazuri kwa makala ya kitaalamu, lakini usimuulize mama wa Kisesa kama mwanawe ameyabisika. Baadhi ya tafsiri, hasa za mitandaoni, hutumia *kuvimbiwa*. Hili tunalikataa waziwazi: aliyevimbiwa ameshiba kupita kiasi na tumbo limejaa, na anaweza kwenda choo vizuri kabisa.

*Kukosa choo* ni mtego wa namna yake. Neno *choo* ni jengo na ni kinyesi kwa pamoja. *Mtoto hapati choo* ni sentensi ya hospitali. *Wanafunzi hawana choo* ni sentensi ya kamati ya shule. *Wanafunzi wanakosa choo* inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili. Inatokea kwamba utata huo unaufuata ukweli wa maisha. Viwango vya Tanzania vinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijavifikia. Mtoto anayeona foleni ndefu, au mlango usiofungika, au tundu linalomtisha kwa giza lake, atabana hadi arudi nyumbani. Anayekosa choo kwa maana ya jengo huishia kukosa choo kwa maana ya haja. Mfasiri wa ripoti za elimu aandike *matundu ya vyoo* anapokusudia majengo, kama maofisa wanavyofanya, na mwandishi wa afya abaki na *kupata choo* au *haja kubwa*.

Kwa habari ya *mavi*, hatuna mengi. Ni neno sahihi, la kale, na lisiloandikwa katika kipeperushi. Linajitokeza bila aibu katika maneno ambatani tu, kama *mavi ya chuma*, takataka inayobaki chuma kinapoyeyushwa, ambayo mgeni wa Bujora anayetazama zana za wahunzi katika makumbusho anaweza kuitaja bila mtu kugeuza uso.

Mpaka mwingine wa istilahi unahitaji ulinzi. Enkopresisi si kila kinyesi kinachotoka bila kutakiwa. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, ambaye neva za kuelekea kwenye puru hazikuumbika sawasawa, hana enkopresisi; ana hali ya kutomudu haja kubwa inayotokana na neva. Vivyo hivyo aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa akafanyiwa upasuaji, au mwenye ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeueleza mwaka 1886, ambapo sehemu ya utumbo mpana haina seli za neva za kusukuma kinyesi. Kumwandikia mtoto kama huyo *enkopresisi* ni kumwelekeza kwenye ratiba ya choo na dawa za kulainisha wakati anahitaji daktari wa upasuaji. Kwa upande mwingine, *fistula* ni tundu lisilo la kawaida kati ya viungo viwili, na haina uhusiano na mada hii isipokuwa kwamba nayo humfanya mgonjwa atokwe na haja bila kuweza kuimudu. Kamusi zina neno *nasuri* kwa fistula. Kampeni za afya nchini zikachagua *fistula*, na leo muuguzi wa Bugando akitamka *nasuri* huenda akaombwa kueleza. Istilahi hushinda kwa kutangazwa, si kwa ubora wake tu, na *enkopresisi* itapata au itakosa maisha kwa njia hiyohiyo.

Maneno ya matibabu ni rahisi zaidi. Kwanza hutolewa bonge lililokwama. *Kuondoa choo kilichokwama* kunajitosheleza. Kisha mtoto hupewa *dawa ya kulainisha choo* kwa miezi mingi, mpaka puru irudi katika ukubwa wake. Isiitwe *dawa ya kuharisha*, ingawa wazee waliokunywa haluli walizoea kuiita hivyo: mama aliyeambiwa ampe mwanawe dawa ya kuharisha, wakati anaamini kwamba kuharisha ndio ugonjwa, ataimwaga nje ya mlango wa kituo, na atakuwa na haki. Mtoto huketishwa chooni kila baada ya mlo, wakati ambapo utumbo husukuma wenyewe. Na haadhibiwi.

Jambo hili la mwisho linarudi kwenye lugha, hasa lugha ya shule. Mwalimu anayeandika kwamba mtoto *amejichafua tena* ameandika mashtaka. Neno *tena* peke yake linatosha kuleta kiboko jioni. Isitoshe *kujichafua* hakusemi ni kwa nini: tope, wino, uji? Barua inayoeleweka na isiyomponza mtoto inaweza kuandikwa hivi: *Mzazi mpendwa, mtoto anatokwa na kinyesi kidogokidogo nguoni bila kujijua. Si utundu. Huenda amefunga choo kwa muda mrefu. Tafadhali mpeleke kituo cha afya, na uwaeleze kwamba ni madoa, si kuharisha.* Neno enkopresisi halimo katika barua hiyo, wala halihitajiki. Nafasi yake ni kwenye faili na katika kitabu cha kiada, mahali ambapo msomaji anaweza kulitafuta na kulikuta hapa.